Macho Kwenye Kitambaa

Watu wa kanisa kubwa walilipa lile kundi jina la "kanisa la cherehani." Walidhani wanatukana! Fundi mwenyewe alipolisikia alicheka mpaka akaegemea mashine, akasema jina limekaa, asilibadilishe mtu.

Kundi alilianzisha yeye na mdogo wake wa tumbo moja, kinyozi wa chumba cha pili. Jumapili mchana cherehani zinafunikwa, mabenchi yanasogezwa, wanaingia wale ambao kanisani wangekaguliwa kuanzia viatu: mlinzi aliyekimbiwa na mke, mjane aliyeambiwa ana mkosi, dereva wa lori anayenuka pombe ya jana. Hakuna mchungaji, wala mtu wa kukaa mbele. Wanasoma Injili kidogo, wanaimba kidogo, tena ovyo, halafu mwenye neno analisema.

Hapo sasa ndipo palikuwa na utaratibu wao. Mtu akianza kusema, kila mmoja anachukua sare ya shule kwenye rundo la Fundi na kuchomoa nyuzi zilizobaki kwenye mishono. Macho kwenye kitambaa, basi. Fundi alilijua hilo kazini: mteja atakumwagia ya moyoni ukiwa umeinamia pindo lake, lakini ukimkazia macho ataongelea gauni tu.

Chapuchapu alikaa Jumapili nyingi bila kufungua mdomo. Alikuwa mhudumu wa baa ya mtaa wa nyuma, na jina hilo alipewa na walevi kwa wepesi wake. Yeye alimwita Fundi mama, maana na mama yake mzazi walikuwa hawasemeshani.

"Mama," aliuliza siku moja, "nikisema hapa, maneno yatatoka nje?"

"Mwanangu, yakivuka mlango huu niite mwongo mbele za watu."

Ndipo akasema. Alijifungua akiwa hana pa kulala, akamlaza mtoto kwenye ngazi za kanisa, akasimama ng'ambo ya barabara mpaka akaona amechukuliwa ndani. Tangu siku hiyo miguu ilimgomea kwenye mlango wa kanisa lolote. Watu waliendelea kuchomoa nyuzi, machozi yakiangukia sare za watoto wa wenzao. Kinyozi peke yake ndiye aliyeinua uso. Fundi alimwona, akadhani ni huruma. Huruma! Laiti angejua.

Haya, kanisa kubwa likafanya mkutano wa Injili uwanjani, spika zikaelekezwa kila mtaa. Fundi alikuwa anapiga pasi aliposikia sauti anayoijua tangu ikiwa ya kulilia uji.

"Kwenye huduma yangu," Kinyozi alikuwa anasema, "yuko dada mmoja muuza pombe, hapo mtaa wa nyuma. Alimtupa mtoto wake kwenye ngazi za kanisa! Leo nimemvuta kwa Bwana!"

Vigelegele vikapasuka. Huduma yangu, jamani. Alimtupa, jamani. Fundi alishtuliwa na harufu ya kuungua. Pasi ilikuwa imetoboa sare mgongoni.

Kinyozi alirudi na suti mpya, anang'aa.

"Dada, umenisikia?"

"Mtaa mzima umekusikia."

"Mbona umenuna? Sikutaja jina."

"Mtaa wa nyuma una baa ngapi?"

Kinyozi akajikuna shingo. "Ule ni ushuhuda, dada. Watu wameokoka pale. Na wazee wa kanisa wamenipa usimamizi, hapa patakuwa tawi lao. Wanaleta viti na mimbari. Wewe utashika akina mama. Au ulitaka tuchomoe nyuzi mpaka Yesu arudi?"

"Nilikubeba mgongoni wewe," Fundi alisema. "Mama alipokuwa kitandani, nilikubeba mimi. Angefanya hivi mtu baki, ningemtukana nikalala usingizi wangu. Wewe umeniweza."

"Utanishukuru baadaye," akajibu, akatoka kwenda kupokea viti.

Fundi hakufunga hata mlango. Alishika njia ya mtaa wa nyuma na kimto cha kuchomekea sindano kikiwa bado mkononi, akaingia baa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Wanywaji walikuwa wanachekea chini. Mmoja alikuwa anambembeleza mtoto wa kuigiza mikononi, wenzake wakigonga meza.

Chapuchapu alikuwa nyuma ya kaunta, anafuta.

"Mwanangu," Fundi alisema. "Si mimi. Ni yule ndugu yangu, na sikujua. Haki ya Mungu sikujua. Nilikuahidi kwa moyo wangu wote."

Chapuchapu alifuta pale pale palipokwisha kutakata, macho kwenye kitambaa. Alisikiliza yote, hakumkatiza, kama walivyofundishana. Fundi alipokosa la kuongeza, akangoja aitwe mama, au hata mwongo. Hata hilo angelipokea kwa mikono miwili.

Chapuchapu akakunja kitambaa, akainua uso, akamtazama kama anavyotazama kila aingiaye pale.

"Karibu, mteja," akasema. "Nikupe soda gani?"