Usingizi wa Bati Jeupe

Msusi wa mtaa ule walimwita Bi Chanuo, maana chanuo lake lilikaa limechomekwa kichwani hata akienda msibani. Nyumba yake na ya wifi yake, mke wa kaka yake, zilikuwa pua na mdomo. Uchochoro uliozitenga ulikuwa mwembamba kiasi kwamba huyu akikoroga chai yule alisikia kijiko. Juu kulikuwa na mabati yaliyoshika kutu, dari hakuna, na msimu wa joto ulipoingia mabati yalianza kulia toka asubuhi, tak, tak, kama mtu anayevunja vidole vyake kimoja kimoja.

Joto la mwaka ule lilimfanya mtu asijue kama yu macho au kalala. Watu walisalimiana wakasahau kujibu. Wateja wa Bi Chanuo walisinzia vichwa vikiwa nusu vimesukwa. Usiku walikaa vibarazani wakijipepea kwa vipande vya boksi, na mchana mtaa mzima ulielea kama uko chini ya maji ya vuguvugu.

Ndipo alipokuja mtafiti. Alikuwa binti mrefu, mpole wa sauti, mwenye miwani iliyomteleza puani kwa jasho. Aliwakusanya kwenye ukumbi wa zahanati akawaeleza: wanataka kupaka mabati rangi nyeupe, waone kama joto la ndani linapungua, na kama watu, hasa wajawazito na watoto, wanapata usingizi.

"Si mpake tu, mtajua!" alisema Mama Kisauti, jirani ambaye hata mnong'ono wake ulifika mwisho wa mtaa.

"Tukipaka zote kwa mkupuo mmoja, mama, joto likipungua tutajuaje kama ni rangi au ni mawingu?" mtafiti alijibu. "Nusu wapakiwe sasa. Nusu wasubiri msimu wa joto uishe, nao wapakiwe. Nani aanze, kura itaamua. Si mimi, wala si mwenyekiti. Na asiyetaka halazimishwi."

Waliotaka walipanga mstari mbele ya ndoo yenye vifuniko vya chupa, vyeupe vya kuanza na vya buluu vya kusubiri. Wifi alitangulia. Alizamisha mkono mpaka kiwiko, akafumba macho, akatafuta, akaacha, akatafuta tena. Akatoa cha buluu. Bi Chanuo, aliyekuwa nyuma yake, hakutafuta chochote. Aliokota cha juu juu, na kilikuwa cheupe.

"Hicho kilikuwa changu," wifi alisema huku akicheka. "Nilikigusa nikakiacha." Lakini kicheko kilikatika kabla ya maneno kwisha.

Wifi alikuwa mjamzito, tumbo limeshamtangulia mlangoni. Mimba iliyopita ilimtoka msimu kama huu huu. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwamba lilikuwa joto. Muuguzi alimwambia tu kwamba joto kali halimfai mama mjamzito, anywe maji mengi, mchana apumzike mahali penye ubaridi. Wifi aliitikia, akarudi nyumbani, akakaa chini ya bati lake akijiuliza ubaridi huo unauzwa duka gani.

Bati la Bi Chanuo lilipakwa. Ukutani walibandika kidude kidogo cha kupimia joto, na watu wazima wa pande zote mbili, waliopata na wanaosubiri, wakavishwa bangili za mpira zilizotambua mtu akilala na akiamka. Mabati meupe yakanyamaza. Siku ya kwanza Bi Chanuo alisimama katikati ya chumba chake mchana, akanyoosha kiganja juu kama anayesikilizia mvua. Hakuna kilichomchoma.

Alilala baada ya chakula, jambo ambalo hakuwa amelifanya toka akiwa mwali. Na ndoto zikarudi. Aliota anasuka nywele zisizo na mwisho. Alizifuata akisuka, akatoka nazo chumbani, akapita vyumba vingine asivyovijua, vyenye madirisha marefu na mwanga wa rangi ya maziwa, nywele zikiteleza vidoleni baridi kama maji ya mtungi. Aliamka midomo ikicheza, kama mtu aliyekuwa anaimba bila sauti.

Kupitia uchochoroni alisikia ndoo ikigonga sakafu. Wifi alikuwa anajimwagia maji kichwani. Tena. Na tena.

Utamu wa ule usingizi ukamgeukia. Alikwenda akasimama mlangoni kwa wifi. "Njoo ujinyooshe kwangu, wifi. Mume wangu yuko kazini." Mume wa Bi Chanuo alikuwa fundi wa kuchomelea, mtu wa kuondoka na jua na kurudi nalo.

"Zamu yangu haijafika," wifi alisema, maji yakimchuruzika kidevuni. "Nitalala kwangu. Kila mtu na kifuniko chake."

Bi Chanuo alirudi shingo upande. Siku kadhaa zikapita wakisalimiana kwa adabu, na adabu kati ya mawifi ni ugonjwa. Waliozoea kutaniana mpaka wapita njia wanasimama, sasa walikuwa "umeamkaje", "salama", basi.

Kilichomleta wifi ni nywele. Alitaka zisukwe mapema ili akienda kujifungua zisimsumbue. Aliketi mkekani, akampa Bi Chanuo kisogo, akasema, "Suka tu. Usiniletee maneno." Bi Chanuo akagawa nywele, akatia mafuta, akaanza. Hajafika utosini, shingo ya wifi ikalegea. Kichwa kikashuka taratibu, kikatua mapajani mwake.

Bi Chanuo hakuthubutu hata kukohoa. Mkono mmoja ulibaki umeshika msuko usiokwisha, mwingine ulibaki hewani na chanuo. Miguu ilikufa ganzi mpaka akawa hajui kama bado anayo. Alimtazama wifi yake akilala mdomo wazi, uso umekunjuka, na tumboni kitu kikapita chini ya gauni, polepole, kama mtu anayegeuka kitandani. Nje mtaa uliwaka mweupe. Ndani palikuwa na kivuli cha kibuluu, na Bi Chanuo aliona kana kwamba chumba kimeng'oka na kinakwenda mahali, nao wamo ndani, na hakuna haja ya kuuliza kinakwenda wapi.

Wifi alipoamka alijifuta mate. "Umenifanyia uchawi."

"Uchawi gani! Umenitia ganzi miguuni. Nivute nisimame."

Walicheka mpaka wakaketi tena. Kuanzia hapo akawa anakuja kila siku.

Jambo la namna hiyo halifichiki. Mama Kisauti alipita "kuomba kiberiti" akakaa mpaka alasiri. Kesho yake akaja na mto wake. Akafuata mke wa fundi viatu na mtoto wake mwenye vipele vya joto, kisha mwanamke mwingine aliyekuwa mjamzito, kutoka nyumba iliyo karibu na bomba la maji. Wote walikuwa wa vifuniko vya buluu. Walivua ndala mlangoni, wakalala ubavu kwa ubavu, miguu ya huyu kichwani kwa yule, na hata Mama Kisauti akilala alikuwa na pumzi ndogo kama ya kuku. Siku moja mume wa Bi Chanuo alirudi mapema, akakuta ndala zimejaa kizingitini kama kuna mkutano wa siasa. Alichungulia, akaona wanawake wametapakaa kwake wamelala fofofo, akarudi kinyumenyume kwenda kukaa kwa kinyozi. "Nimefukuzwa na usingizi wa watu," aliwaambia.

Mtafiti alikuja mchana mmoja bila taarifa. Alikuwa ameona jambo lisiloeleweka. Kidude cha nyumba ile kilionyesha kwamba kila baada ya chakula cha mchana chumba kilipata joto zaidi ya nyumba nyingine nyeupe. Alidhani rangi imebabuka. Alilizunguka bati kwa macho, akaona liko zima. Akabisha hodi. Hakuna aliyeitika, maana hakuna aliyekuwa macho.

Alisukuma mlango. Ubaridi ukamgusa usoni pamoja na pumzi za watu, polepole, zikipokezana. Alisimama akawatazama wanawake wale, bangili mikononi mwao, na akaelewa kila kitu mara moja. Alipaswa kuondoka ampigie mkuu wake simu. Lakini alikuwa ametembea toka asubuhi, nyumba kwa nyumba, na kando ya mlango palikuwa na kipande cha mkeka kisicho na mtu. Aliketi apumzishe miguu. Akavua miwani aifute.

Bi Chanuo alipofumbua macho alimkuta binti wa watu kalala na begi mgongoni, miwani kiganjani.

"Jamani," alinong'ona, "serikali imelala."

Waliangua kicheko, na mtafiti akaamka ameduwaa. Alivaa miwani kwanza, kisha aibu. Hakuwafokea. Aliuliza tu ni toka lini, na kina nani, na hulala kwa muda gani. Wakajibu kila mtu kwa zamu, kama watoto waliokutwa na sukari mdomoni.

"Tumeharibu kazi yako, mwanangu?" Bi Chanuo aliuliza.

"Nilikuwa nalinganisha waliopata na wanaosubiri, mama. Sasa wanaosubiri nao wanalala kwa waliopata. Tofauti inapotea."

"Kwa hiyo nimfukuze wifi yangu?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Niambie wewe uliyesoma, nitakusikiliza. Lakini uje umwambie mwenyewe, mimi mdomo wangu hautaweza."

Mtafiti alimtazama wifi, aliyekuwa bado kajilaza ubavu, mkono chini ya tumbo.

"Hapana," alisema hatimaye. "Hakuna anayefukuzwa. Nitawaeleza wakubwa nilichokiona kama nilivyokiona. Pamoja na mimi kulala."

Mkuu wa utafiti alikuja mwenyewe wiki ile ile. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti nzito, na watu walimwogopa kabla hajafungua mdomo. Aliketi mkekani, akavua viatu, akasikiliza mwanzo mpaka mwisho. Kisha akasema kosa halikuwa la watu kupendana. Wao ndio hawakuuliza mtu anapumzika wapi mchana, wakadhani kila mtu hukaa kwenye nyumba yake kama sanamu. Kuanzia sasa wangeuliza. Kuhusu wajawazito, angezungumza na kamati inayosimamia haki za wanaofanyiwa utafiti; yeye aliona ukumbi wa zahanati, ambao haukuwamo kwenye kura, ungeweza kupakwa mara moja na kufunguliwa mchana. Na kamati ikakubali.

Ukumbi ulipakwa, mikeka ikatandikwa, na wanawake wa mitaa ya mbali wakaanza kuja. Wifi hakwenda. "Kule wanalala watu nisiowajua wanavyokoroma," alisema. Uchungu ulimshika pale pale kwa Bi Chanuo, mchana, katikati ya usingizi wa wenzake. Aliketi akasema kwa utulivu, "Wifi, amka, ameamua." Mama Kisauti alipiga ukelele mmoja, gari likapatikana. Jua halijazama, mtoto wa kike akawa analia kwenye kitambaa, mzima, mwenye hasira. Bi Chanuo alimpokea mikononi, akashindwa kutania. Alimpulizia tu usoni, taratibu, kama anayempoza.

Mvua zilikuja. Matokeo yakasomwa ukumbini, matone yakigonga bati. Mtafiti alieleza kwamba nyumba nyeupe zilipoa kweli, na waliokaa humo walilala zaidi. Akaonyesha na jingine ambalo hakuna aliyelitafuta: waliosubiri wakiwa karibu na jirani mwenye mlango wazi nao walipata usingizi, si haba. "Hili lilitoka kwenu," alisema. "Hatukuwa tumelifikiria." Hakutia chumvi. Alikiri pia kwamba bado hawajui mengi, hasa kuhusu watoto wa tumboni, na kwamba wataendelea mitaa mingine.

Zamu ya vifuniko vya buluu ikafika. Bati la wifi likapakwa siku yenye ukungu, mpakaji akamwaga matone meupe juu ya kamba ya nguo na juu ya jogoo wa jirani.

Jua liliporudi kuwa kali, nyumba zote za uchochoroni zilikuwa kimya. Hakukuwa na ndala mlangoni kwa Bi Chanuo. Kila mtu alikuwa kwake, chini ya ubaridi wake. Alijilaza chali katikati ya chumba alichobaki nacho peke yake, akafumba macho, akangoja. Usingizi haukuja. Alisikiliza, na hakukuwa na cha kusikiliza. Akageuka huku, akageuka kule. Nafasi ilikuwa kubwa mno.

Mwisho aliinuka, akavuka uchochoro bila kuvaa viatu, ardhi ikimchoma nyayo. Mlango wa wifi ulikuwa umerudishwa tu. Ndani mwanga ulikuwa wa kibuluu. Wifi amelala upande, mtoto kajibana kifuani pake na ngumi mbili mdomoni, na kati ya mtoto na ukuta pamebaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba.

"Umechelewa," wifi alisema bila kufumbua macho.

Bi Chanuo alijipenyeza, akajikunja. Mtoto alinusa hewa, akatafuta, akaacha. Pumzi zake zilikuwa fupi na za haraka, za wifi ndefu, na baada ya muda Bi Chanuo hakuweza tena kutenga zipi ni zake.