Kijerumani cha Saa Nane Mchana

Watu wa kile kitabu cha Kijerumani hawakuwa na kazi nyingine ila kuulizia kituo cha treni. Ukurasa wa tatu bwana mmoja anauliza kituo kiko wapi. Ukurasa wa kumi na moja mkewe anauliza tena swali lilelile, utadhani hawasemezani nyumbani. Edilma Ocampo, mwenye miaka sabini na mmoja na magoti yanayolia akipanda ngazi, hakuwa na safari ya treni. Alitaka tu kumuuliza mumewe kama mgongo bado unamsumbua, na amwelewe akijibu.

Mumewe, Gerd, alifika Manizales, mji wa milimani Kolombia, akiwa kijana, kuja kufunga mashine za kukoboa kahawa. Akaoa, akabaki. Kwa miaka arobaini na sita alizungumza Kihispania cha milimani, matusi yake yote yakiwemo. Kila Edilma alipomwomba amfundishe lugha ya kwao, jibu lilikuwa moja: "Niache nipumzike nayo, nimeisema vya kutosha."

Mwezi wa tatu akapata kiharusi. Alipoamka hospitalini, Kihispania kilikuwa kimefutika chote na Kijerumani kimebaki. Daktari alisema mambo hayo hutokea, akaandika dawa. Kihispania hakikuondoka peke yake. Kiliondoka na sehemu kubwa ya ile miaka arobaini na sita. Gerd alimtazama mkewe kwa adabu na heshima zote, kama abiria anavyomtazama jirani wa kiti, asimwite kwa jina.

Binti yao wa pekee, Astrid, aliyesoma Ujerumani na sasa anaishi Bogotá, alikuja akakaa siku tano. Siku ya mwisho akatoa wazo alilokuja nalo.

"Mama, kuna nyumba ya wazee kule Bogotá. Masista wake wanazungumza Kijerumani. Baba hapa anaongea na kuta."

"Nipe mpaka Desemba nijifunze."

"Mama, una miaka sabini na mmoja."

"Miaka yangu naijua, nimeiishi mwenyewe."

Wakakubaliana. Mchana wa tarehe saba Desemba, siku ambayo mji mzima huwasha mishumaa ya Bikira Maria, Astrid angerudi. Akiwakuta wazazi wake wanazungumza, baba anabaki. Akiwakuta wanatazamana tu, baba anaondoka naye. Edilma alikubali kwa sababu ni mtu wa haki. Kumfungia mzee wa watu kwenye nyumba isiyomwelewa, eti kwa vile yeye anampenda, aliona ni ukatili.

Kazi ikaanza, na ilikuwa kazi ya kuchosha kupita kiasi. Rafiki yake Nohemí, msusi mwenye saluni yake ghorofa ya chini, alimwekea kwenye simu programu ya kufundishia lugha. Ikamfundisha kusema kwamba nguruwe anasoma gazeti.

"Shoga, kwani nguruwe wa kwao wanasoma?" Nohemí akauliza.

"Labda. Huyu wangu hajawahi kuniambia."

Wakajaribu nyimbo za watoto. Gerd alisikiliza wimbo mmoja wa alfabeti, akanyanyuka akaenda kujifungia chooni. Wakajaribu taarifa za hali ya hewa. Humo Edilma alipata maneno mawili, ukungu na mvua, ambayo kwa Manizales si haba, lakini huwezi kuishi na mume kwa maneno mawili. Kila alipofungua kitabu usingizi ulimchukua kabla treni haijafika. Mwezi wa sita ukapita hivyo, na wa saba nao.

Na kulikuwa na lile neno. Kila Edilma alipomfunga vifungo vya sweta, au alipomshikia kikombe, Gerd alimpigapiga mkono na kusema, "Brav." Mtu yeyote wa Kolombia, hata mtoto wa kunyonya, anajua maana ya *brava*: ni mwanamke aliyekasirika, wa kukaa naye mbali. Edilma hakulitafuta kwenye kamusi. Nani anatafuta neno analolijua? Mwanzoni alicheka, baadaye likaanza kumkata. Maana alikuwa na hasira kweli mwaka ule. Alimkasirikia daktari, akaikasirikia ile damu iliyoganda, na zaidi alimkasirikia Gerd mwenyewe, aliyehamia kwenye lugha ileile aliyomnyima maisha yote. Aliona mzee amesahau kila kitu ila kumsoma yeye uso. Akaanza kufunga vifungo huku akitabasamu kwa nguvu hadi mashavu yanauma. Gerd akampigapiga tena mkono. "Brav." Kumuuliza Astrid aliona haya.

Mwezi wa nane Nohemí alipanda ngazi mbio, mikono bado ina rangi ya nywele za mteja.

"Shoga, kaa chini. Nimeipata tamthilia ya shamba la miwa."

"Ile ya Leonarda?"

"Ileile. Wameitia sauti za Kijerumani."

Hapo lazima ieleweke kwamba wanawake hawa wawili, miaka thelathini iliyopita, walitazama sehemu zote mia na themanini za tamthilia hiyo. Leonarda, mrithi wa shamba, anapofushwa na mama yake wa kambo. Anaolewa na mtu aliyekuja kumwibia. Anapata kuona tena siku ya arusi ya adui yake. Nusu ya wanawake wa Manizales walikuja kwa Nohemí wasukwe kama Leonarda. Walikuwa wakiijua kwa moyo, hadi vikohozi vya padri.

Basi saa nane mchana, vyombo vikishaoshwa, wakaunganisha simu na televisheni. Mama wa kambo akatokea na kofia yake nyeusi, akafungua mdomo, kikatoka Kijerumani. Edilma hakuhitaji kamusi. Alijua yule mwanamke anasema nini: "Mtoto huyu si wako." Alikuwa amelilia sentensi hiyo kwa Kihispania, sasa aliiandika kwenye daftari kwa Kijerumani, kama alivyoisikia. Siku hiyo aliandika kumi na nne. Usingizi haukuja. Kesho yake alikuwa amekaa mbele ya televisheni tangu saa saba na nusu.

Gerd mwanzoni alikaa amewapa mgongo. Siku ya tatu kiti kilikuwa upande upande, siku ya tano kilikuwa katikati yao. Na katika wiki ya pili, Leonarda alipokuwa akifungua bahasha isiyo yake, mzee akasema kwa Kijerumani, kwa ukali:

"Kwa nini huyu mpumbavu anafungua barua ya watu?"

"Kwa sababu mama yake wa kambo ni nyoka," Edilma akajibu, kwa Kijerumani, kabla hajakumbuka kwamba hakijui.

Gerd akageuka. Akalirudia neno nyoka, na kile kineno ambacho Kijerumani hukitanguliza mbele ya kila jina, ambacho Edilma alikuwa amekikosea. Edilma akalisema tena. Gerd akatikisa kichwa kukubali, akarudi kwenye tamthilia. Nohemí alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili.

Sehemu ya hamsini na mbili ndiyo ya farasi. Farasi jike wa Leonarda ameshtuka kwa radi, anapiga mateke zizini, naye kipofu anamwendea akipapasa ukuta, anamshika shingo na kumwambia kwa Kihispania: tulia, mwema wangu, tulia. Nusu ya nchi ililia siku ile. Sasa Leonarda akampapasa farasi shingoni, akasema kwa Kijerumani: "Brav. Brav."

"Rudisha," Edilma akasema.

Nohemí akarudisha.

"Tena."

Alipoisikia mara ya tatu alinyanyuka akaenda jikoni, akasimama mbele ya sufuria ya maji ya sukari guru, akalia. Miezi sita mtu alikuwa akimwita mwema kila asubuhi, naye anamjibu kwa tabasamu la uongo. Nohemí alimfuata, akaelezwa, akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo alikuwa anakubembeleza kama farasi."

"Hata kama farasi," Edilma akasema, akajifuta pua kwa aproni.

Tangu hapo hasira ilimtoka polepole, na Kijerumani kikamwingia haraka. Tatizo ni kwamba kilikuwa Kijerumani cha tamthilia. Kufikia Novemba aliweza kuzungumzia wasia, sumu, mapacha waliopotezana na viapo vya makaburini, lakini kuomba chumvi ilibidi azunguke mbali. Mgongo wa Gerd aliuulizia hivi: "Niambie ukweli, hata kama utaniua: unauma?" Na Gerd alimjibu. Alimjibu kirefu, akamsahihisha kila neno, nusu ya majibu Edilma hakuyashika, ile nusu nyingine akaitunza.

Tarehe saba Desemba Astrid alifika saa sita mchana na begi moja tupu, la nguo za baba yake. Aliliacha mlangoni. Edilma aliliona, akaenda kupakua supu.

Gerd alisukuma bakuli lake, kama kawaida yake siku za mboga.

"Kula, msaliti," Edilma akamwambia kwa Kijerumani, "la sivyo hutapata hata shibiri moja ya shamba hili."

Kijiko cha Astrid kilianguka mezani. Gerd akarekebisha neno shibiri, akavuta bakuli, akala.

Astrid alingoja hadi supu ilipokwisha. Kisha akamsogelea baba yake, akamshika mkono, na kwa Kijerumani chake kizuri cha chuo kikuu akamweleza habari za nyumba ya Bogotá: bustani, masista, watu wengi wa kuzungumza nao lugha yake. Akamuuliza kama angependa kwenda.

Gerd alifikiri. Edilma alikuwa anakusanya bakuli, akagundua kwamba amesimama na hasogei.

"Haiwezekani," Gerd akasema. "Huyu mama anajifunza Kijerumani. Anakisema vibaya sana, vibaya kupita kiasi. Nikiondoka, nani atamsahihisha?"

Astrid akamgeukia mama yake, macho yamejaa.

"Mama, baba anasema—"

"Nimesikia alichosema."

Alisikia pia kwamba hakusema mke wangu, wala Edilma. Alisema huyu mama. Hilo liliuma, na hakujidanganya kwamba haliumi. Alitua bakuli, akavuta kiti hadi magoti yao yakakaribia kugusana, akamuuliza Gerd kwa Kijerumani ni wapi hasa anakosea, aanze na lile baya kuliko yote.