Migomba Iliyohama

Pétronille alibeba kitovu kikavu cha mjukuu wake ndani ya jani, na hasira kifuani tangu yeye na mwanawe walipotoka nyumbani. Nyumbani gani? Vibanda vilivyopangwa mstari kando ya barabara ya Itebero, kila mtu akimchungulia mwenzake chungu. Serikali ilikuwa imeamuru kijiji kizima kitoke msituni, kije mahali ambapo gari la bwana mkubwa linafika bila taabu. Migomba aliyoipanda mlangoni pake, kapita, yule msimamizi wa serikali, aliing'oa, eti inaleta mbu. Sasa kitovu cha mtoto kizikwe wapi, chini ya changarawe?

Ndiyo maana alirudi kwenye kijiji cha zamani, kwenye mgomba ambao chini yake mama yake alizika kitovu chake yeye. Desturi ilitaka akae kwanza chini, anyamaze mpaka moyo utulie, ndipo ashike jembe. Akakaa. Lakini kila alipofumba macho alimwona kapita. Akasikiliza kijito, akasikia filimbi ya kazi. Mwanawe Théophile, baba wa mtoto, alikuwa akikohoa na kutazama jua, maana asiyeonekana barabarani jioni alilala jela. Pétronille akaudhika kabisa. Hata kunyamaza walikuwa wamemnyang'anya.

Akafumbua macho, akatafuta shina la mama yake. Halikuwapo. Pale alipolikumbuka palikuwa na udongo mtupu. Chini kidogo kulikuwa na gogo lililooza, chini ya hapo mgomba wenye mkungu, na chini kabisa, upande wa kijito, chipukizi. Shina likifa na mtoto wake akiota pembeni, mwaka baada ya mwaka, migomba ilikuwa imeteremka kilima. Pétronille aliitazama kwa wivu. Nayo ilikuwa imehama, lakini hakuna aliyeipigia filimbi.

Akaipita yote, akalipita hata lile chipukizi, akaanza kuchimba mahali patupu.

"Mama, hapa hakuna mugomba," Théophile akasema.

"Migomba itafika."

"Na mutoto atajuaje fasi yake? Yeye ataikala kule ku barabara."

"Utamuleta wewe. Mimi walinihamisha. Yeye, siku akihama, ahame kwa kupenda kwake."

Akaweka kitovu shimoni, akafukia. Kisha wakaishika njia ya kurudi barabarani, Théophile akikimbia mbele, yeye akikataa kuharakisha hatua.