Jina Aliloachiwa Kisirani

Kisirani alikuwa na miaka thelathini na mmoja, na baba yake hakuwahi kumwita kwa jina jingine tangu siku aliyozaliwa, siku ambayo mama yake alikata roho. Shangazi alipompeleka shule aliona aibu kusema mtoto hana jina, akamwandikisha kwa jina lake yeye shangazi. Haya, makubwa! Lakini shangazi huyo huyo ndiye aliyemnong'oneza kwamba mama, kabla ya kufumba macho, alimtajia mumewe jina la mtoto, ingawa yeye shangazi hakulisikia. Kisirani alilitaka jina hilo kuliko kitu chochote duniani. Kuliuliza ndiko kulikomshinda.

Baba alikuwa fundi vioo. Ili kikatike sawasawa, kioo hukwaruzwa kwa kisu mara moja tu, hakirudiwi, na mzee alishikilia kwamba bintiye akisimama karibu, kitapasuka ovyo. Basi Kisirani alifagia vipande, akapika, akamletea baba dawa ya kifua, na kisu cha kukatia kikiguswa tu, anatoka nje. Miaka yote hiyo, jamani! Mwingine angeshasusa.

Asubuhi moja alichelewa kutoka. Kisu cha baba kikateleza, kioo kikapasuka upande.

"Si nilisema! Toka, Kisirani!"

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa akingojea kioo cha dirisha lake, akakohoa. "Fundi, unajua neno hilo limetoka wapi? Ni la Kiarabu. Mzizi wake ni mmoja na wa neno hasara."

"Basi sikukosea," mzee akasema. "Siku ile nilipata hasara ya maisha."

Hapo Kisirani akashindwa kuvumilia. "Peke yako, Baba? Wewe uliishi naye miaka tisa. Mimi hata sauti yake siijui. Na kitu kimoja alichoniachia umekikalia! Nipe jina langu."

Mwalimu akajifanya anatazama barabarani. Mzee akajishusha taratibu juu ya kreti tupu, akahema.

"Alilitaja," akasema. "Mara mbili. Nilikuwa na hasira, nikaapa sitalitamka." Akafuta macho kwa mkono wa shati. "Mwaka juzi nilitaka kukuita. Nikalitafuta, sikulipata. Nalitafuta mpaka leo. Limenitoka."

Kisirani akaketi sakafuni akalia kwa sauti. Na baba yake, asijue amwite nani, akabaki kusema tu, "Mwanangu. Mwanangu."