Barabara ya 36, Nyumba Namba 28

Mafundi cherehani tuna neno moja tunalolipenda kuliko mkasi, nalo ni kesho. Mteja akija tunamwambia njoo kesho. Akija hiyo kesho tunamwambia imebaki kutia vifungo tu. Wenzangu wote wanalitumia, lakini ni mimi peke yangu niliyebandikwa neno hilo kama jina. Mtaa mzima wananiita Fundi Kesho, na wapo watoto wanaoamini ndilo nililopewa na wazazi. Sikatai, nimelichuma kwa mikono yangu. Kazi yangu ni nzuri, lakini sijui kukataa kazi ya mtu, na fundi asiyejua kukataa kazi huishia kuwa mwongo.

Kwa hiyo shangazi wa bi harusi alipokuja dukani kupanga siku ya kuletewa gauni, hakupiga kelele. Alikaa kwenye benchi, akaweka mkoba mapajani, akasema taratibu:

"Jumamosi, saa nne asubuhi. Si saa nne ya fundi, saa nne ya saa. Ikipita, mtoto wetu atavaa gauni la dada yake. Liko kabatini, limeshapigwa pasi. Na wageni wakiniuliza, nitawaeleza."

Wageni walikuwa mia tatu. Nilijua fika kwamba mwanamke yule akieleza, ni afadhali nifunge duka nikafuge kuku.

Nikashona. Nilishona gauni lile kama mtu anayefukuzwa, na Ijumaa alasiri lilikuwa limekwisha, limetundikwa, limefunikwa kwa shuka safi. Tangu nianze kazi hii sijawahi kumaliza nguo siku moja kabla. Nililizunguka mara tatu nikitafuta kilichobaki, maana sikuamini kwamba hakuna kilichobaki.

Nilichosahau ni mume wangu. Yeye ni fundi wa majokofu, mtu mpole, mchapakazi, ila ana ugonjwa mmoja: haulizi njia. Siku ya kwanza kuja kwetu alichelewa saa tatu nzima, na baadaye tukagundua alipita mbele ya nyumba yetu mara nne, baba yangu akiwa amekaa nje anamtazama. Sasa wiki ile ya gauni alikuwa amenunua GPS, kile kifaa kidogo cha kubandika kwenye kioo cha mbele cha gari kikakuelekeza uendako. Kwa mtu kama yeye ilikuwa neema. Amepata wa kumwonyesha njia bila kumuuliza binadamu yeyote.

Jumamosi asubuhi alilamba kikombe cha mpira cha kile kifaa ili kinate, akakibandika kwenye kioo, akafungua daftari langu la vipimo, akachapa anwani. Mimi wakati huo nilikuwa kiti cha nyuma na mama mkwe, tunalilaza gauni mapajani mwetu. Lilikuwa na mkia mrefu, lilihitaji mapaja manne. Mama mkwe alijitolea mawili yake bila kuombwa, kwa sababu alisema hajawahi kuniona nikiwahi mahali, na umri wake hauruhusu kusubiri nafasi nyingine.

"Dakika arobaini na tano," mume wangu alisema, akigonga kioo cha kifaa kwa ukucha. "Sasa ni saa mbili na nusu. Tutafika mapema tusubiri chai."

"Una hakika na anwani?" nikamuuliza.

"Nimeitoa kwenye daftari lako mwenyewe."

Shangazi alikuwa amenisomea anwani dukani nikaiandika. Mimi mwenyewe sikuwahi kufika huko. Ni ule mtaa mpya wa upande wa pili wa mji, ambako barabara hazina majina, zina namba tu.

"Baada ya mita mia mbili, pinda kulia," ikasema sauti ya mwanamke kutoka kwenye kioo.

Mama mkwe akainua shingo. "Nani huyo?"

"Ni mashine, Mama."

"Basi ina malezi mazuri. Inasema mara moja, haigombi." Na tangu hapo kila sauti ile ilipotoa maelekezo, yeye aliitikia, "Haya, binti yangu," kwa niaba yetu sote.

Safari ilikwenda vizuri. Tulipofika kwenye tuta kubwa kifaa kilibanduka, kikaangukia chini ya kiti cha dereva, kikaendelea kutuongoza kutoka huko huko kwenye vumbi. Mume wangu alitii. Nilimwona kwenye kioo cha juu akitabasamu peke yake, na nami nikajiachia kidogo. Nilianza hata kupanga nitakavyoingia: sitatazama saa. Nitamwacha shangazi aitazame mwenyewe.

"Umefika," sauti ikasema.

Ilikuwa saa tatu na robo. Tulikuwa mbele ya nyumba ndogo yenye geti la buluu. Hapakuwa na hema, hapakuwa na magari, hapakuwa na muziki wala watu wanaokimbizana na viti. Palikuwa na mwanamke mmoja tu aliyesimama juu ya stuli, anafuta madirisha kwa gazeti.

"Labda wao ni watu wa kimya kimya," mume wangu akasema.

Yule mwanamke akageuka. Nilimfahamu. Alikuwa Mwalimu. Miezi minane nyuma aliniletea kitambaa cha zambarau, kizuri, kizito, nimshonee gauni la siku yake ya kustaafu. Alitaka liwe na mifuko miwili, kwa sababu alisema miaka thelathini ameshika chaki na sasa anataka mahali pa kuweka mikono. Siku ya kustaafu ikaja, ikapita. Alikuwa akija kila wiki, halafu kila mwezi, halafu akaacha kuja.

Nikisimulia hapa watu hunikatiza, husema haiwezekani, mji wote huu utokee kwake tu. Huwa nawaambia waende mtaa wowote wagonge mlango wowote. Kama hawatamkuta mtu anayesubiri nguo kwangu, basi mwenye nyumba amesafiri.

Mwalimu alishuka kwenye stuli, akaja mpaka dirishani, akaona lile furushi jeupe mapajani. Uso wake ukafunguka.

"Jamani," alisema. "Fundi mwenyewe kaniletea mpaka nyumbani."

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Kesho, Mwalimu. Lako limebaki vifungo tu. Nimelisema mara nyingi mno, linatoka lenyewe. Lakini mama mkwe alikuwa ameketi bega kwa bega nami, na yule mwanamke alikuwa ananiangalia kwa furaha ambayo sikuistahili hata chembe, na nikaona aibu kweli, aibu ya kumwagika jasho.

"Hili si lako, Mwalimu," nikasema. "Lako sijalikata. Kitambaa chako kiko rafu ya juu, tangu siku uliyokileta sijakitia mkasi. Nilikudanganya mara zote ulizokuja."

Akakunja lile gazeti lililolowa, mara mbili, mara nne.

"Miezi minane," akasema. "Leo ndiyo siku ya kwanza unaniambia kweli. Sasa hapa mmefuata nini?"

"Harusi," mume wangu akajibu. "Barabara ya 36, nyumba namba 28. Ndiyo hapa."

"Hapa ndipo, lakini harusi ya nani? Mimi naishi peke yangu."

Nikamnyang'anya daftari. Inabidi nieleze kosa langu, maana ni langu vilevile. Daftari langu halina maelezo. Vipimo navijua kwa kichwa vinavyofuatana, kwa hiyo naandika namba tupu kwenye mstari mmoja: kifua, kiuno, nyonga, urefu, na mwishoni kabisa, barabara na nyumba. Mstari wa bi harusi ulisema 36, 28, 40, 58, 14, 9. Mume wangu, mtu wa watu, alichukua mbili za kwanza.

"Barabara ni ya 14," nikasema. "Nyumba namba 9."

"Na hizi 36 na 28 ni nini?" akauliza.

"Ni kifua na kiuno cha bi harusi."

Mama mkwe alifumba macho. "Kwa hiyo, baba," alimwambia mwanawe taratibu, "asubuhi yote hii umetuendesha kwenda kifuani kwa mtoto wa watu."

Mume wangu aliinama kukiokota kifaa chini ya kiti. Masikio yake yalikuwa yamewaka kwa aibu. Alichapa anwani mpya kwa vidole vinavyoteleza, na kifaa kikafikiri kikafikiri, kikatoa jibu: dakika hamsini. Mtaa ule umekatwa katikati na mfereji mkubwa, na daraja la magari liko mbali, karibu na barabara kuu. Saa ilikuwa tatu na dakika ishirini na tano. Hata mimi, ambaye saa na mimi hatujawahi kuelewana, niliweza kupiga hesabu hiyo.

Kumpigia shangazi simu sikuweza. Ingekuwa kumletea mkononi kile alichokuwa akikitafuta. Nilikaa nimelikumbatia gauni, na machozi yalikuwa karibu. Mara hii sikuwa nimechelewa. Mara hii tu, katika maisha yangu yote, nguo ilikuwa tayari na bado nilikuwa naelekea kuitwa kwa jina langu mbele ya watu mia tatu.

Mwalimu alirudi ndani. Nikajua amechoka nasi. Kumbe alifuata mkoba na viatu. Akafungua mlango wa mbele, akaketi kando ya mume wangu.

"Shule niliyofundisha ina mageti mawili," alisema. "Moja upande huu wa mfereji, moja upande ule, na kijidaraja cha gari la takataka katikati. Mlinzi nilimfundisha kusoma. Mimi nikiwemo atafungua, nisipokuwemo hatafungua. Twende."

"Mwalimu, baada ya yote niliyokufanyia," nikaanza.

"Siji kwa ajili yako. Nakuja kumwona mtu aliyepata nguo yake."

Tukaenda. Mlinzi alitusimamisha, akachungulia, akavua kofia, akafungua geti. Tukapita katikati ya uwanja wa mpira na nyuma ya vyoo, gari likicheza kwenye mashimo, mimi na mama mkwe tumeinua gauni juu mpaka usawa wa pua. Kifaa kilichanganyikiwa kabisa. "Geuka urudi ulikotoka," kilisema. "Geuka urudi ulikotoka."

"Pumzika, binti yangu," mama mkwe akakiambia. "Mwenyeji yupo."

Tulisimama mbele ya nyumba namba 9 saa nne kasoro dakika sita. Shangazi alikuwa getini amekunja mikono, na nyuma yake, kwenye kamba ya nguo, gauni la dada mtu lilikuwa tayari limetolewa kabatini linapigwa na upepo. Alitutazama tukishuka, akatazama saa yake, akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Inatembea, shangazi," nikamwambia.

Bi harusi alivaa. Hapakuwa na pa kupunguza wala kuongeza. Alipogeuka ili tuuone mgongo, Mwalimu, ambaye hakuna aliyejua amealikwa na nani, alikuwa wa kwanza kujifuta macho. Halafu akaniinamia sikioni. "Kumbe unaweza," akasema. Sijui kama alikuwa ananisifu au ananichapa.

Sikusubiri. Nilitoa futi shingoni, nikampima pale pale ukumbini, kifua, kiuno, nyonga, urefu, nikaandika kila namba na jina lake mbele. "Jumatano," nikamwambia. "Saa kumi jioni. Nitakuletea."

"Jumatano ya mwaka gani?"

"Hii inayokuja."

Akacheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka utani wa mwenye nyumba.

Jumatatu nilikata. Jumanne nilishona, na wateja wawili walioleta kazi niliwakatalia, jambo lililowashangaza mpaka wakaniuliza kama naumwa. Jumatano nikatia mifuko, mirefu, ya kuingiza mkono mpaka kwenye kifundo. Nikamwomba mume wangu gari, nikakilamba kikombe cha mpira mwenyewe, nikachapa Barabara ya 36, nyumba namba 28, safari hii kwa makusudi. Saa kumi kasoro dakika kumi sauti ikaniambia, "Umefika," na nikaitikia, "Haya, binti yangu," kwa kuwa mazoea yana tabu.

Geti la buluu lilikuwa limefungwa kwa kufuli. Niligonga, nikaita, nikagonga tena. Jirani akatokeza kichwa juu ya ukuta.

"Mwalimu katoka. Kaenda kwa dada yake."

"Lakini tuliahidiana leo. Mimi ni fundi wake, nimemletea gauni."

"Aa, wewe ndiye Fundi Kesho." Jirani alinitazama kwa huruma. "Aliniambia habari zako. Alisema kuna fundi kamwahidi Jumatano, kwa hiyo yeye Jumatano yuko huru kwenda anakotaka."

Ningeweza kumwachia jirani gauni. Ningeweza kurudi kesho. Neno lilinijia, nikalitema. Nikakaa kwenye ngazi ya geti, gauni mapajani, nikangoja. Nilingoja mpaka saa kumi na moja, nikangoja mpaka saa kumi na mbili. Mgongo uliuma, mbu walianza kazi, na kila mwanamke aliyetokea mwisho wa barabara nilidhani ni yeye. Sikujua kungoja ni kazi nzito kiasi kile. Nilimhesabu mteja mmoja mmoja aliyewahi kuningoja kwenye kile kibenchi changu kisicho na mgongo.

Mwalimu alitokea jua linazama, na kifuko cha machungwa mkononi. Aliniona, akapunguza mwendo, akaliona gauni la zambarau.

"Umekaa sana?" akauliza.

"Tangu saa kumi."

"Pole," akasema, akitafuta funguo kwenye mkoba. "Mimi tangu mwezi wa tatu." Akafungua kufuli, akalisukuma geti kwa bega, akanishikia lisijifunge. "Ingia basi, tulijaribu hilo gauni."