Mkoba wa Gaju

Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa nne asubuhi, Rugamba aliingia karakana ya Leila kule Nyakabanda kuchagua mkoba wa ngozi wa kumpa rafiki yake Eustache, aliyekuwa anatimiza miaka sitini. Alikuwa amekwisha pita kwa mafundi wawili. Wa kwanza alishona vizuri, lakini ngozi yake ilikuwa ya plastiki; wa pili aliongea mno. Leila alishona kwa mkono, sindano mbili na uzi mmoja uliopakwa nta, na hakuinua kichwa mpaka alipomaliza mstari.

Mikoba minane ilining'inia ukutani. Chini ya wa sita kulikuwa na kikombe cha bati, na maziwa yalikuwa yanadondokea humo.

"Hiyo iko inatoa maziwa, mzee," Leila alisema. "Asubuhi na jioni. Mimi naambia wateja ukweli, wasiweke kompyuta."

"Kiasi gani?"

"Lita moja na nusu. Mvua ikinyesha, mbili."

Rugamba akasema si haba. Alipoushusha, vidole vyake vilipita juu ya kovu refu lililokuwa upande mmoja. Kovu hilo alilijua, maana alilishona mwenyewe siku Gaju aliporuka seng'enge.

"Gaju," akaita taratibu, na mkoba ukamgeukia.

Ndani, kama afanyavyo kwa kila mkoba, Leila alikuwa amegonga muhuri kuonyesha ngozi ilikotoka na mwezi aliponunua. Masaka, Februari.

Gaju alikuwa ng'ombe wa Rugamba. Miaka saba iliyopita alimpa Eustache, huko Masaka, mbele ya wazee, kwa pombe ya mtama, kwa sababu walikulia pamoja Karagwe wakilala mkeka mmoja, na siku Rugamba alipoumwa na nyoka ni Eustache aliyembeba mgongoni hadi zahanati. Ng'ombe wa namna hiyo hachinjwi wala hauzwi kimyakimya. Ukikwama, unamwambia aliyekupa, mnashauriana. Na ndama jike wa kwanza humrudia mtoaji. Eustache aliyajua hayo yote. Hata hivyo, Juni alileta salamu za Gaju, na Agosti akasema ana mimba na amekuwa na madeko. Rugamba, mjinga wa watu, alimtumia chumvi ya kulamba.

"Aliyekuuzia ngozi alisemaje?" akauliza.

"Ni mzee mpole, iko na gari. Niliuliza kama hiyo ng'ombe ni zawadi ya mtu, maana ngozi za zawadi zinasumbua. Akasema hapana, alimlea peke yake."

Rugamba akajua ni Eustache, akanunua huohuo.

Siku tatu mkoba ulining'inia jikoni kwake Gatsata. Mkewe Kabagwira aliukamua, akapika chai, akasema maziwa yana mafuta mazuri.

"Baba Iteka, tubaki nao. Huyo mwongo mpelekee soksi."

"Nitampelekea huu. Sitaki ndama, sitaki nyama. Nataka aniambie tu, 'Nilimchinja, nikamuuza.' Akisema hivyo, yamekwisha, tunabaki marafiki."

"Na asiposema?"

"Atasema. Namjua."

Kabagwira akasonya.

Kwenye sherehe, nyumbani kwake Masaka, Eustache aliupokea mkoba kwa mikono miwili na kuuvaa begani. Mkoba ukalia, mlio mrefu wa ng'ombe aliyerudi zizini kwake. Wageni walisogeza glasi zao zisimwagike. Eustache aliupapasa chini ya mkanda, mahali ambapo Gaju alipenda kupapaswa.

"Ngozi nzuri, sha, rafiki yangu. Ya wapi?"

"Ya hapahapa Masaka," Rugamba alisema. "Gaju hajambo?"

Eustache alimtazama machoni. Rugamba aliona midomo yake ikifunguka, akadhani sasa ungamo linakuja, akamsogelea kwa furaha.

"Mzima," Eustache akasema. "Yuko kwa mdogo wangu, majani ni mengi huko. Mwezi huu anazaa."

Maziwa yalikuwa yameanza kumchuruzika kwenye suruali. Mtu akampa kitambaa, akajifuta, akashukuru, akawakaribisha wageni mezani. Rugamba alikula wali kidogo akaaga mapema.

Wiki mbili baadaye simu iliita, Rugamba akiwa ananyoa ndevu.

"Gaju amezaa," Eustache alisema. "Jike. Lakini ndama amekufa, sha, dakika ileile. Tumemleta tukamzika nyuma ya nyumba yangu."

Alikuwa analia kweli, na nyuma yake mkoba ulisikika nao ukilia. Rugamba aliumia kuliko siku ile karakanani, kwa sababu siku ile alikuwa bado na mtu wa kumngojea aseme kweli. Alitafuta tusi, akalikosa.

"Pole sana," akasema.

Jumapili alivaa koti, akapanda pikipiki hadi Masaka. Majirani walikuwa wamekwisha fika. Kaburi la ndama lilikuwa dogo, limepangwa mawe vizuri, na Eustache alisimama kando yake akiwa na mkoba begani. Alimshika Rugamba mkono, na hakuuachia mpaka watu wote walipomaliza kutoa pole.