Bahari Uani kwa Bi Asimina

Bi Asimina alifika ufukweni saa moja asubuhi na kofia yake ya ukili, kiti cha plastiki na magoti mawili mabovu. Pale kisiwani wazee huhesabu mara walizoingia baharini tangu kiangazi kianze, na wakikutana huulizana. Daktari alimwandikia mara thelathini kabla ya sikukuu ya Mama Maria, la sivyo hatapanda tena ngazi za makaburini alikolazwa mumewe. Alikuwa amefikisha kumi na moja.

Hakupata pa kuweka kiti. Pantelis, mtoto wa mdogo wake, alikuwa amepanga vitanda na miavuli ya kukodisha mpaka maji yanapoanzia. Kibao kilisema: UFUKWE WA FAMILIA.

"Mama mkubwa, hapa pana wenyewe."

"Kwani mimi si familia?"

"Wewe familia ya nyumbani."

Akarudi nyumbani. Alikuwa amechoka, na uchovu wenyewe haukuwa wa miguu.

Kesho yake bahari ilimfuata. Ilitokea kisimani, ikajaza nusu ya chini ya ua, vuguvugu, ikimfika kiunoni, na visamaki vikazunguka madebe ya mrehani. Kule ufukweni ulibaki mchanga mtupu. Bi Asimina alivaa kofia, akashuka ngazi za jikoni, akahesabu kumi na mbili. Jirani yake, Bi Marigo, akaingia naye, wakasimama majini saa nzima wakisema watu.

"Chumvi yake kali kuliko ya kule," alisema Bi Marigo.

"Ndiyo dawa ya magoti."

Siku alipofikisha mara ya kumi na tisa, walipotoka majini walimkuta Pantelis ameshika utepe wa kupimia.

"Maji mafupi, mawimbi hakuna. Watoto watapapenda."

"Huu ni ua wangu, mwanangu."

"Ua ni wako, mama mkubwa. Bahari ni ya watu wote."

Kufika jioni vitanda vilijaa kuanzia ngazi za jikoni hadi majini, vikabanana hivi kwamba kupita ni lazima uinue goti, na goti ndilo hilo. Familia zilipitia jikoni kwake, zikisalimia vizuri. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni walikuja, mmoja hata akamkatia kipande cha tikiti maji. Kupona ndiko hakukuja.

Siku ya sikukuu, kengele zilipolia, Bi Marigo alisimama mlangoni amevaa nguo ya kanisani.

"Umefikisha ngapi?"

"Kumi na tisa zile zile." Aliona aibu kuzitaja. "Mchumie mume wangu mrehani, umpelekee makaburini. Mwambie mwaka huu sipandi."

Bi Marigo alivua viatu, akavuka kitanda kimoja kimoja akiomba radhi, akarudi na shada linalochuruzika maji ya chumvi, akaenda zake. Bi Asimina alibaki ameketi kwenye ngazi ya jikoni. Akasogeza miguu pembeni, mtoto mwenye ndoo apite.